Kisu Bila Bismillahi

Kilichoanza ni harufu. Mchana, mji wote wa Annaba, Algeria, umelala kwa joto, nyumba ya Belkasem ikanuka hina na sufu iliyolowa, ilhali humo ndani hamkuwa na hina wala kondoo. Binti yake, Ghania, akafungua madirisha yote. Harufu haikutoka.

Kondoo aliwahi kuwepo, jamani, tena mwenye jina lake. Raadi alilelewa kwa chupa ya maziwa na Warda, mke wa Belkasem, na Warda alipokuwa anakufa alimwapisha mumewe asimpeleke dume yule uwanjani kupiganishwa hata siku moja. Lakini mtaani kwao mwenye dume la kupigana anaheshimika kuliko mwenye duka, na Belkasem, upweke ukimla, alitaka aheshimike walau Ijumaa moja. Akampaka Raadi hina, akampeleka. Dume aliyepambanishwa naye akamvunja shingo. Watu wakapiga kelele achinjwe upesi kabla hajawa kibudu, Belkasem akatiwa kisu mkononi, na mahali pa kumtaja Mungu akalia, "Raadi." Damu ikamwagika kwa jina hilo. Nyama hakuna aliyeigusa.

Baada ya harufu ukaja mlio wa pembe zikigonga mlango wa uani, zinagonga, zinanyamaza, zinagonga tena, na baada ya pembe ikaja sauti ya Warda, ileile ya asubuhi zake, ikimbembeleza kondoo aje anywe maziwa, ikiita na kuita huku Ghania amejibanza chini ya meza meno yanamgongana, na baba yake amesimama nyuma ya mlango, shavu kwenye mbao, analia kwa furaha.

Ghania akaacha kula, akakonda akabaki macho. Ndugu wakamwita Shehe Lakhdar, msomaji wa mtaa anayefukuza majini kwa kisomo. Alisoma, akanusa, akauliza siku ya uwanjani ilikuwaje. Akaelezwa yote.

"Damu ile hukuitajia jina la Mungu, jini likaichukua," alisema taratibu. "Weka mkono mlangoni, utaje leo ulichokiacha siku ile. Litaondoka."

"Na sauti ya mke wangu?"

"Si mkeo, mwanangu. Ni hilohilo jini."

"Najua, shehe. Lakini ndiyo niliyobaki nayo."

"Baba," Ghania akanong'ona, "mimi je?"

Belkasem akamtazama mwanawe, mifupa mitupu ndani ya gauni. Akaweka mkono mlangoni. Pembe zikagonga palepale penye kiganja, kisha ile sauti, laini kabisa, ikasema neno ambalo haikuwahi kulisema tangu ianze kuja:

"Belkasem, umekula?"

"Bismillahi," Belkasem akasema, na moyo ukampasuka.

Nje kitu kizito kilianguka. Harufu ikakatika. Ghania aliomba supu, akanywa bakuli zima, akalala. Shehe akaaga. Belkasem hakusikia akiagwa. Alikuwa amepiga magoti, mdomo kwenye tundu la ufunguo la mlango wa uani, analijibu swali lile kwa sauti ya chini.

"Bado, Warda. Bado sijala."