Mifuko Mitatu Iliyobaki Nusu

Tsuma hakuwa na baba, wala shamba lenye maji, wala cheti cha shule cha kumwonyesha mtu akaridhika. Hakuwa na kaka wa kumsemea. Hakuwa na chumba chake hapa Ukunda. Alilala chumba kimoja na mtu wa kwao Kinango aliyekoroma kama msumeno. Hakuwa na kiatu cha Ijumaa. Hakuwa na urefu, wala sauti nzuri, na jino moja la mbele lilikwishang'olewa na mkono wa mashine. Tena alikosa kitu kimoja ambacho hakuwahi kumwambia mtu: ujasiri. Akikaripiwa, hata kwa kosa lisilo lake, alinyamaza akaangalia vidole vyake vya miguu.

Kazi alikuwa nayo, kazi ya kuaminiwa. Mjengoni watu humsifu mwashi aliyenyoosha ukuta. Anayelisha mashine ya zege hakuna amtazamaye, ingawa yeye ndiye ajuaye kilichomo ndani ya ukuta huo. Tsuma alipima kwa sanduku la mbao: masanduku manne ya kokoto, mawili ya mchanga, mfuko mmoja wa simiti, na maji kwa ndoo iliyotiwa alama ya rangi. Mfuko hakuumwaga wote kwa pamoja. Nusu aliitia baada ya kokoto, nusu baada ya mchanga, ili simiti isigande kwenye pipa. Alihesabu kwa sauti, duru baada ya duru, na mafundi wakamwita Mizani.

Jumamosi moja asubuhi alitumwa misumari. Duka la vifaa vya ujenzi karibu na stendi lilikuwa limejaa mafundi, kila mtu akipiga kelele yake, harufu ya rangi na ya mabati mapya ikiwakaba watu koo. Nyuma ya mizani alisimama msichana aliyevaa baibui jeusi, mikono ameikunja hadi kwenye viwiko, kalamu ameichomeka kwenye mtandio, hina imeanza kufifia kwenye kucha. Alipima, akafunga, akamsukumia Tsuma kifurushi.

"Dada, hii kilo mbili haifiki," alisema Tsuma.

"Haifiki? Umeipima wapi?"

"Mkononi."

"Mkono wako umepigwa muhuri wa serikali?"

Mafundi wakaangua kicheko. Tsuma alihisi masikio yanawaka, lakini kwa jambo la vipimo alikuwa mtu mwingine. "Mimi ndiye ninayelisha mashine ya zege kule Galu. Ninapima kutwa."

"Yarabi! Mtu wa makarai amekuja kumsahihisha mtu wa mizani. Ukunda kumeharibika."

Hata hivyo alikirudisha kifurushi, akakiweka kwenye mizani ya pili. Mshale haukufika kwenye mbili. Kisha akachota misumari gao zima, akaongeza.

"Haya, bwana. Na ukimwambia tajiri wangu, nitakukana mchana kweupe."

"Sitamwambia. Jina lako nani?"

"Umekuja kununua misumari au jina?"

"Misumari nimetumwa. Jina ninalitaka mwenyewe."

Aliitwa Twaiba, na kwao ni Msambweni. Kwa miezi minne simu ya Tsuma, iliyozoea kulala siku tatu bila kulia, haikupata usingizi.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Muhogo."

"Na nini?"

"Na maji."

"Wewe utaniaibisha. Mwanamume wangu anakula muhogo na maji kama mgonjwa! Kesho pitia dukani, nitakuwekea samaki. Na usije na hilo shati la simiti, wenzangu wanadhani ninapendwa na ukuta."

Tsuma alicheka kwa sauti, yeye asiyecheka. Lakini Twaiba hakuwa mtu wa kuchezewa. "Baba yangu ni marehemu," alimwambia. "Walii wangu ni kaka Waziri. Ukinitaka, mpitie yeye. Tena huna safari, mnakula kwenye kivuli kimoja kila mchana."

Ilikuwa kweli. Waziri alikuwa fundi wa mbao papo hapo Galu, mtu mrefu mwenye penseli sikioni. Yeye ndiye aliyepiga mabao ya kumwagia zege na kusimamisha miti ya kulishikilia mpaka likauke. Tsuma alimsogelea akiwa ameshika sahani kwa mikono miwili.

"Wewe uliye kimya hivi," Waziri alisema baada ya kumsikiliza, "ulimwambiaje yule dada yangu mwenye mdomo?"

"Alisema yeye. Mimi niliitikia."

Waziri alicheka mpaka penseli ikaanguka. "Basi tuimalize hii roshani, kisha lete barua ya posa. Nitaisoma mimi mwenyewe mbele ya wazee, kwa sauti, kama ilivyo ada yetu. Andika vizuri, shemeji."

Siku ya kumwaga zege la roshani, fomani Musyoki alisimama juu ya pipa akipiga makofi. "Leo hakuna stori! Mifuko kumi na minane, duru kumi na nane, saa nane tumemaliza. Mizani, simu yako weka mbali!"

"Sawa, mkubwa."

Lakini katika duru ya kumi na moja simu ilitikisika mfukoni. Tsuma aliibana baina ya sikio na bega.

"Niko kazini, mpenzi."

"Najua. Nina neno moja tu. Shangazi anauliza, barua utaileta mwezi huu au mfungo uingie kwanza?"

"Mwezi huu."

"Na utaandika nini ndani?"

"Nitaandika kwamba ninakutaka."

"Hivyo tu? Kama mtu anayeagiza gunia la mkaa?"

Akacheka. Mashine ilinguruma, kokoto zikagonga chuma, vumbi la simiti likampanda kwenye kope. Aliongea akimwaga, akamwaga akiongea. Hesabu, ambayo kila siku ilikaa ulimini, siku hiyo ililiachia nafasi neno la Twaiba.

Zege lilipokwisha kupanda, Tsuma alirudi kwenye jukwaa la mifuko kukusanya karatasi tupu. Akaona mifuko mitatu imesimama, imeegemeana, midomo wazi. Alitia mkono katika wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kila mmoja ulikuwa na nusu yake ndani.

Duru tatu zilikuwa zimepanda na simiti nusu. Zege lilikuwa bado bichi. Lingeweza kuchotwa kwa sepetu na kumwagwa upya. Ilitaka neno moja tu kwa fomani, na matusi ya mchana mmoja, na pengine kufukuzwa.

"Mizani! Iko sawa huko?" Musyoki aliita.

Tsuma aliangalia vidole vyake vya miguu. "Iko sawa, mkubwa."

Akaifunika mifuko kwa turubai. Kesho yake mifuko hiyo alimpa mpiga lipu, ikaisha.

Siku ya kumi na nne, kama ilivyokuwa desturi yao mjengoni pale, Waziri aliingia chini ya roshani na nyundo kutoa miti. Tsuma alikuwa upande wa pili. Alisikia mti wa kwanza ukigongwa, wa pili, wa tatu. Kisha akasikia mlio mfupi, mkavu, na baada yake vumbi likazunguka pembe ya nyumba polepole mpaka kwenye miguu yake.

Walimtoa Waziri chini ya kifusi akiwa hai. Hospitalini mguu wa kulia ulikatwa juu ya goti.

"Miti imetolewa mapema," Musyoki alimwambia mwenye nyumba, na mwenye nyumba akawaambia wengine, na kufika jioni Diani nzima ilikuwa na maneno hayo. "Fundi mwenyewe ndiye aliyejiangushia." Tsuma alikuwa amesimama hapo hapo, nyuma ya watu, sepetu mkononi.

Tangu siku hiyo hakupokea simu. Kila ilipolia aliona mifuko mitatu. Twaiba alipiga asubuhi, akapiga mchana, akaandika: *Kaka ameamka, anakuuliza.* Halafu: *Umekosa nini, nimekukosea nini?* Na wiki ya tatu: *Kumbe umekimbia kisiki cha mguu. Ulidhani tutakupa umlishe? Nenda salama.* Tsuma aliusoma ujumbe huo mara nyingi. Ulimtukana kwa kosa asilolitenda, naye akaukubali, kwa sababu ulikuwa mwepesi kuliko lile alilolitenda. Akahamia mjengo mwingine kule Kinondo. Huko hakutaka kupima. Alibeba maji tu.

Miezi mitatu ilipita, mvua ya masika ikaanza. Mchana mmoja wenye manyunyu, wenzake wamejikinga chini ya mabati, alimwona mwanamke anavuka matope ameinua pindo la baibui, viatu mkononi. Alikuwa amekonda. Hina haikuwapo tena kwenye kucha.

"Shikamoo, bwana mkubwa usiyepokea simu," alisema Twaiba.

"Twaiba."

"Usiniite jina. Nimeacha kazi, ninamfunga kaka bandeji, leo nimeomba ruhusa ya nusu siku nije nikutukane vizuri. Njia nzima nimepanga matusi." Akaviweka viatu chini. "Sasa nimekuona ulivyo, yote yamenitoka. Hivi unakula wewe?"

"Ninakula."

"Unakula nini?"

Tsuma alikuwa analia bila sauti, na mvua ikamsaidia kuficha. Twaiba akakaa juu ya tofali kando yake.

"Kaka hana kinyongo nawe. Ndiye aliyenituma. Amesema, yule kijana haogopi kilema, anaogopa damu tu, mwambie alete barua." Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Kinyongo anacho na nafsi yake. Kutwa anahesabu kwa vidole, kumi na nne, kumi na nne. Ananiuliza mimi, Twaiba, nilikosea siku? Juzi aliomba kazi ya kunoa misumeno, ya kukaa tu kitako. Wakamwambia mtu aliyejiangushia nyumba hafai hata kushika tupa. Alirudi akaziuza nyundo zake zote."

"Hakukosea," alisema Tsuma.

"Mwambie wewe. Mimi hanisadiki."

"Twaiba, kuna jambo."

"Jambo lolote litie kwenye barua. Sitaki jambo leo." Akauweka mkono wake juu ya mkono wa Tsuma uliochubuliwa na simiti. "Ijumaa baada ya swala wazee watakaa. Shangazi amekwisha kufua mazulia. Kaka ameniomba nimpigie pasi kanzu. Tangu aumie hajaniomba kitu. Utaleta?"

Tsuma alitazama mkono ule. Angesema pale pale, ungeondoka.

"Nitaleta," alisema.

Twaiba akacheka, kicheko kidogo chenye mafua, na Tsuma aliona wazi kwamba amesamehewa kosa lisilo lake.

Siku tatu aliandika na kuchana. Katika karatasi ya kwanza aliandika yote, pamoja na simu. Alipofika kwenye maneno *nilikuwa ninazungumza na dada yako*, kalamu ilisimama. Alimwona Waziri anasoma kwa sauti, wazee wameinamisha vichwa, na Twaiba nyuma ya pazia analisikia neno hilo linamwingia, likae humo mpaka uzeeni. Akaichana. Alhamisi asubuhi aliandika hii:

*Kwa ndugu yangu Waziri. Assalaam aleikum. Baada ya salamu, hukukosea siku. Kumi na nne zilikuwa kumi na nne. Siku tulipomwaga roshani mimi nilitia simiti nusu katika duru tatu, kwa uzembe wangu, na hapakuwa na mwingine aliyenifanya nizembee. Nilijua siku ile ile, zege likiwa bichi, nikaificha mifuko. Nilisimama ukisingiziwa, nikanyamaza. Nimewaandikia mwenye nyumba na fomani Musyoki maneno haya haya, na nitayasema popote nitakapoitwa. Nakuomba uisome mbele ya wazee kama ulivyokusudia, ili wajue wewe ni fundi. Posa siwezi kuileta. Mwambie Twaiba ninamtaka, na kwamba sina haki ya kumtaka. Ni mimi, Tsuma.*

Simu ikalia. Safari hii aliipokea.

"Umeandika?" Twaiba aliuliza. Nyuma yake kulisikika vyombo na wanawake wanaochekeana.

"Nimeandika."

"Ina maneno matamu?"

"Ina maneno ya kweli."

"Hee! Umejifunza lini? Sauti yako mbona imekauka, kipenzi?"

"Ni baridi ya mvua."

"Basi jifunike. Tsuma?"

"Naam."

"Hakuna. Nilitaka uitikie tu."

Alipokata simu aliitia karatasi kwenye bahasha, akatoka. Kwenye ofisi ya vifurushi pale stendi ya Ukunda alilamba ukingo wa bahasha, akaubana kwa kidole gumba kutoka pembe hadi pembe. Karani, mama mmoja aliyevaa sweta juu ya dera, aliipokea bila kuinua macho.

"Ya nani?"

"Waziri, fundi wa mbao. Msambweni."

"Yule aliyekatwa mguu?"

"Huyo."

"Ina kitu cha thamani ndani? Ikiwa ina kitu, niandike."

Tsuma alimtazama machoni. "Andika, ifike mkononi mwake mwenyewe."

Mama akaandika, akapiga muhuri, akaitia bahasha kwenye gunia pamoja na vipuri vya pikipiki na dawa za kuku. Saa nne kamili gunia lilifungwa kamba na kupakiwa, na gari likageuza uso kuelekea Msambweni.