Miraba Juu ya Kioo

Kila siku baada ya masomo, klabu ya sayansi ilibaki varandani na mashine yake: kamera mbili zilizofungwa kwenye ubao, zikipima umbali wa kitu kama macho mawili yanavyofanya. Aliyeipenda kuliko wote ni msichana waliyemwita Mbishi. Mdogo wake haoni, na nguzo ya varanda ilishamwachia kovu kwenye paji la uso. Mashine ingelia kumwonya kabla hajaifikia nguzo.

Siku hiyo mashine ilisema nguzo iko mita mbili na nusu. Utepe wa kupimia ukasema mbili na robo.

"Andika kwamba mashine imesema mbili na robo," alisema kiranja wa klabu. "Kesho mwalimu anakagua. Nani atapima tena?"

"Mdogo wangu, kwa paji lake la uso. Siandiki."

"Basi toka kwenye klabu."

"Sitoki, na siandiki."

Wenzake waliguna. Mbishi alikuwa na hasira, lakini alijua ubishi bila kazi ni kelele tu. Akaichukua karatasi ya miraba myeusi na myeupe, ile wanayozionyesha kamera ili zijifunze kupima. Walikuwa wameibandika kwenye katoni kwa gundi ya maji. Alipoilaza rula juu yake, rula ilicheza. Katoni ilikuwa imejikunja ilipokauka, nazo kamera ziliambiwa ni bapa, zikaamini.

Baba yake, fundi vioo, alimkatia kipande cha kioo kinene jioni ile.

"Hiki hakijikunji, mwanangu," alisema. "Labda kivunjike."

Asubuhi Mbishi alibandika karatasi mpya juu ya kioo, akakishika mbele ya kamera mara ishirini: karibu, mbali, akikiinamisha huku na huku. Kisha wakapima tena umbali wa nguzo kwa mashine. Mita mbili na sentimita ishirini na sita.

"Imezidi sentimita moja," kiranja alinong'ona. "Tuandike robo kamili?"

"Andika ishirini na sita."

Kiranja akaandika.

Mwalimu alipofika, mdogo wake Mbishi alivishwa mashine kifuani, akatembea. Ikalia. Akasimama, akanyoosha mkono na kuigusa nguzo.

"Dada, leo nimeiwahi," alisema, akacheka.

Mwalimu alisoma daftari, akaona utepe umeandikwa robo na mashine ishirini na sita, akamtazama kiranja, kisha wote.

"Daftari mnaweza kulidanganya, wanangu," alisema. "Nguzo haidanganyiki. Ukiona kipimo kimekosea, tengeneza chombo, usitengeneze jibu."