Mkia Hampiti Mtu

"Umechoka?"

"Sijachoka. Natazama mandhari."

"Mandhari iko juu huko. Wewe unatazama viatu vyako."

"Basi natazama viatu. Ni vipya, acha nivitazame."

Kijana aliyekuwa nyuma yake akacheka. Akashusha mabegi mawili, lake na la huyo dada anayetazama viatu, akasubiri. Hakuwahi kumharakisha tangu ajiunge na kundi lao la kupanda milima. Kundi zima lilijua kwamba huyu binti, fundi nguo wa mtaa wa nyuma ya soko, ana mikono myepesi kwenye cherehani na miguu mizito kila mahali pengine. Walimwita Kobe, naye aliitika bila kinyongo.

Kijana naye walimwita Mkia. Siku za kazi alikuwa fundi wa mafriji. Siku za milima alitembea wa mwisho kabisa, na dada yake, waliyemwita Kamanda, alitembea wa kwanza na firimbi shingoni. Kamanda akipiga firimbi mara moja, anauliza kama wote wapo. Mkia akijibu kwa firimbi yake mara mbili, wote wapo. Na sheria moja hawakuivunja hata mvua iwapige: Mkia hampiti mtu. Ukisimama, anasimama. Ukikaa, anakaa. Ukipitiwa na usingizi, atakufunika na koti lake. Ndiyo maana kundi lile halikuwahi kupoteza mtu njiani.

Firimbi ikalia huko mbele, mara moja. Mkia akajibu mara mbili.

"Unasikia?" akauliza.

"Si firimbi hiyo?"

"Maji. Maporomoko yako nyuma ya hiyo kona."

Kobe akanyanyuka mwenyewe, bila kuvutwa. Walipoizunguka kona, maji yalikuwa yakidondoka kutoka juu ya mwamba, na manyunyu yakawalowesha kabla hawajafika karibu. Wenzao walishavua viatu zamani. Mkia akamsogelea Kobe sikioni, maana kelele zilikuwa nyingi.

"Kuna kazi nimeitiwa. Wana vyumba vya baridi vya kuhifadhi samaki, mji wa mbali, siku nzima kwa basi. Wanataka fundi wa kuhamia huko huko."

Kobe akahisi maji yale yamemmwagikia kifuani. "Umewajibu?"

"Nimewaambia nitawajibu tukishapanda ule mlima mkubwa, mwezi ujao. Jibu linategemea swali ninalotaka kumuuliza mtu."

"Mtu gani?"

"Nitamuuliza kileleni. Hapa maji yanapiga kelele, nisije nikalazimika kurudia."

Mwanamke haambiwi mara mbili. Kobe alielewa ni mtu gani na ni swali gani, akageuka kuficha uso wake, akajifanya anakamua soksi.

Wakati wa kula, Kamanda akamwita pembeni.

"Kobe, nikwambie kitu usinichukie?"

"Niambie, dada."

"Mdogo wangu anakupenda, hilo hata haya mawe yanajua. Lakini ana goti bovu na kila safari anabeba mabegi mawili. Huku kwenye maporomoko ni mchezo. Mlima ule una wingu. Likishuka hamjafika, nitawageuza njiani, na kilele mtakiona kwenye picha za wenzenu. Kama na wewe unampenda, jifunze kutembea."

Kamanda hakuwa na roho mbaya, ila ukweli wake hauna sukari. Kobe aliumia, lakini alimwona ana haki. Akaapa moyoni kwamba mwezi ujao Mkia hatabeba hata chupa yake ya maji. Mpaka hapo hana kosa. Kosa lake lilikuwa kutaka liwe jambo la kushtukiza.

Kila jioni Mkia alikuwa na mazoea ya kupita kwenye duka la Kobe. Alikaa kwenye kigoda karibu na meza ya pasi, akimshikia upande mmoja wa kitambaa wakati yeye anakata upande wa pili, wakipiga soga. Jumatatu ile alikuta kufuli. Jumanne kufuli. Akatuma ujumbe.

*"Nimepita dukani umefunga. Uko salama?"*

*"Niko salama. Kazi tu zimenibana."*

Mkia akalitazama lile kufuli. Kazi gani inamtoa fundi nje ya duka lake?

Kazi yenyewe ilikuwa ngazi. Pale sokoni kuna jengo refu ambalo lifti yake imekufa siku nyingi, na juu kabisa ndipo ilipokuwa kliniki ya Daktari wa Meno, mtu mwepesi kuliko wote kundini. Kobe alimfuata akiwa anafunga kliniki.

"Daktari, nifundishe kupanda."

"Mimi nang'oa meno."

"Nakuomba. Kila jioni unashuka ngazi hizi, panda na mimi kidogo kwanza."

"Sharti langu moja. Ukiwa unapanda usiongee. Pumzi ni yako, usiigawe."

"Na langu moja. Usimwambie mtu. Hasa Mkia, nataka nimfurahishe."

Daktari akakubali. Walipanda wakashuka, wakapanda wakashuka, mpaka mlinzi wa jengo akamvizia Kobe pale chini na kumuuliza kwa huruma, "Dada, umefukuzwa nyumba? Sema tu, tutakutafutia pa kulala."

Sasa sikia balaa linavyokuja. Chini ya jengo lile kuna mgahawa, na friji la mgahawa likaharibika. Fundi aliyeitwa ni nani? Mkia alikuwa amechuchumaa nyuma ya friji, bisibisi mkononi, alipomwona Kobe kupitia kioo akitokea ngazini. Jasho linamtoka, anacheka, na Daktari anampa chupa yake ya maji anywe. Mkia akatoa simu, akampigia. Akamwona Kobe akitazama jina lake kwenye kioo cha simu, akisogea pembeni kupokea.

"Uko wapi?"

"Niko... nyumbani. Nashona."

"Mbona unahema?"

"Cherehani leo nzito."

"Haya. Pole na kazi."

Wewe msomaji ungekuwa nyuma ya friji lile ungefikiri nini? Na Mkia alifikiri hivyo hivyo. Kilichoniudhi mimi ni kwamba hakuuliza. Alimaliza kazi yake, akafunga boksi la vifaa, akaenda kulala na donge lake. Ukimya wa namna hiyo umevunja nyumba nyingi kuliko ugomvi.

Siku ya mlima ikafika. Asubuhi, pale wanapoanzia kupanda, Mkia alinyoosha mkono kuchukua begi la Kobe kama kawaida. Kobe akalirudisha mgongoni kwake, uso umejaa tabasamu.

"Leo nabeba mwenyewe."

"Sawa," alisema Mkia.

"Sawa tu?"

"Unataka niseme nini?"

Firimbi ikalia, kundi likaanza kusogea. Kobe akatembea, na miguu ile ya ngazi ikamtii. Akampita huyu, akampita yule, mpaka akawa nyuma ya Kamanda kabisa, Daktari akimfuata. Kila akigeuka kumtafuta Mkia ili amwone anavyoshangaa, aliona kofia za watu tu. Mkia alikuwa mbali chini, na maharusi wapya waliokuwa wakisimama kila penye jiwe zuri.

"Kaka, tupige nyingine. Mke wangu amefumba macho."

"Sogeeni karibu."

"Kaka, na wewe una mchumba?"

"Tazameni huku kwenye simu," alisema Mkia.

Kobe alifika mapumziko ya mwisho akiwa na nguvu bado. Kilele kilikuwa pale juu, unakiona mpaka mawe yake. Akakaa na kutuma ujumbe.

*"Nimefika mapumziko ya mwisho. Mimi Kobe! Sijashikwa mkono na mtu. Uko wapi?"*

Jibu lilichelewa, kisha likaja lote kwa pamoja.

*"Niko nyuma, pale ulipochoka kukaa. Nilikuona jengo la soko na Daktari, ukaniambia uko nyumbani unashona. Sina ugomvi na mtu. Jumatatu nawajibu wale wa samaki kwamba nahamia. Nakutakia heri."*

Kobe akausoma, akaurudia, kisha akampa Daktari simu. Daktari akasoma, akajishika shavu kama mgonjwa wake mwenyewe.

"Nilitaka kukwambia umweleze mapema."

"Ukanyamaza kwa nini?"

"Tulikuwa tunapanda."

Kobe akavaa begi na kuanza kushuka. Kamanda akamdaka mkono.

"Unaenda wapi? Kilele hicho hapo, hata bibi yangu angefika."

"Kilele hakihami, dada. Mdogo wako ndiye anayetaka kuhama."

"Ukishuka sasa hutapata muda wa kupanda tena. Wingu lile linakuja."

"Acha lije."

Kamanda akamwachia. Kobe akashuka akipishana na wenzake wote, kila mmoja akimuuliza amesahau nini, mpaka akafika mahali njia inapobanwa na miamba miwili. Akakaa chini katikati ya njia. Maharusi wapya wakatokea.

"Dada, unaweza kutupiga picha kid—"

"Piteni."

Walipita upesi. Nyuma yao akatokea Mkia. Akamwona, akasimama, akageuza uso pembeni.

"Umeumia?" akauliza.

"Ndiyo."

"Mguu?"

"Hapana."

Mkia akavuta pumzi. "Kobe, nyanyuka twende. Watu wanatungoja."

"Nipite."

"Unajua siwezi kukupita."

"Najua. Ndiyo maana nimekaa hapa. Mkia hampiti mtu, na mimi sinyanyuki mpaka unisikilize."

Mkia akashusha begi lake. Akakaa kwenye jiwe, maana sheria ni sheria.

"Nilikuwa napanda ngazi," alisema Kobe. "Kila jioni, mpaka mlinzi akadhani sina kwetu. Daktari alinifundisha kuhema, basi. Nilikudanganya kuhusu cherehani kwa sababu nilitaka leo ushangae. Hakuna kingine. Kamuulize yeye, kamuulize mlinzi, kaziulize zile ngazi."

"Ngazi za nini, Kobe? Nani alikwambia huwezi kutembea?"

"Dada yako. Alisema goti lako linaharibika kwa ajili ya begi langu. Nikasema sitaki kuwa mzigo kwa mtu ninayempenda."

Neno hilo lilikuwa halijawahi kutamkwa kati yao. Mkia akainua uso.

"Goti langu liliumia kwenye mpira, wewe hata sijakujua. Na nani alikwambia kutembea nyuma ni kazi yangu?"

"Si ndiwe Mkia?"

"Kabla hujaja mimi ndiye niliyetembea mbele. Dada ndiye aliyekuwa nyuma. Siku yako ya kwanza ulisimama kila baada ya hatua chache kufunga kamba za viatu, na kamba zenyewe zilikuwa zimefungwa. Wiki iliyofuata nikamwambia dada tubadilishane. Nikamdanganya nimechoka kupigwa usoni na utando wa buibui."

Kobe akatazama kamba za viatu vyake.

"Kwa hiyo mwezi mzima nimepanda ngazi," akasema taratibu, "ili nikimbie mahali ulipohamia kunifuata."

"Ndiyo hivyo."

"Na miguu inaniuma."

"Pole."

"Na wewe pole. Ungeniuliza tu, siku ile ya simu. Ungesema nakuona hapo, mbona unanidanganya. Ningekwambia."

"Niliogopa jibu."

Upepo wa baridi ukapita, na wingu likashuka upesi likafunika kilele, mapumziko na kila kitu juu yao. Kisha ikasikika firimbi ndefu ya Kamanda, ile ya kugeuza kundi.

"Tumekikosa kilele," alisema Mkia. "Na nilisema nitauliza kileleni."

"Uliza hapa. Hapa hakuna kelele za maji."

Mkia akataka kupiga goti, goti likagoma katikati. Kobe akamdaka kiwiko.

"Uliza ukiwa umesimama, nisije nikakubeba mpaka chini."

"Jumatatu niwaambie naenda, au niwaambie nina mke huku?"

"Waambie una mke. Lakini begi tutabeba kwa zamu. Na ukiniona mahali, niulize."

"Na wewe ukiwa ngazini usiseme uko cherehani."

"Sitasema tena."

Kamanda alipotokea kwenye ukungu na kundi lake, alikuta watu wawili wameshikana mikono katikati ya njia, wameizuia kabisa.

"Wenzenu wa mbele tumefika kileleni," alisema. "Nyinyi mmefika wapi?"

"Dada, msalimie wifi yako," alisema Mkia.

Kamanda akamtazama Kobe kuanzia viatu mpaka kofia, akamvuta, akamkumbatia mpaka begi likaanguka.

Milima haikutani, binadamu hukutana. Harusi ilifanyika kabla mvua hazijaanza. Kobe alijishonea gauni mwenyewe, pindo juu ya kifundo cha mguu, kwa sababu alijijua. Ukumbi ulijaa. Kamanda alisimama mbele, lakini pembeni yake, mahali pa bwana harusi, hapakuwa na mtu. Minong'ono ikaanza. Mama yake Kobe akamvuta Kamanda kwa mkono.

"Mwanangu anaingia. Bwana harusi yuko wapi?"

Kamanda akatoa firimbi kwenye mkoba. Akapiga mara moja.

Kutoka mlangoni, nyuma ya bibi harusi, firimbi nyingine ikajibu mara mbili.

Kundi la mlimani likaangua kicheko, na aliyeelewa akamweleza asiyeelewa. Msimamizi wa ndoa akamwita Mkia apite mbele, wakati unakwenda. Mkia akatikisa kichwa, na Daktari wa Meno akajibu kwa niaba yake, "Huyu hampiti mtu." Basi ukumbi mzima ukangoja mwendo wa Kobe. Katikati ya njia akasimama.

"Umechoka?" aliuliza Mkia kwa sauti ya chini.

"Sijachoka. Natazama mandhari."

"Mandhari iko mbele huko, mke wangu."

Lakini Kobe alikuwa ameshageuka, anamtazama yeye.

"Mimi naiona iko hapa," akasema. Kisha akamvuta mkono, akamweka ubavuni pake, wakaimalizia njia wakitembea pamoja, polepole.