Chiriku Amjazia Mama Chumba

Jumamosi ni siku ya kufua sare za shule, na Chiriku hakuipenda hata kidogo. Lakini Jumamosi hii sare zilibaki chafu ndani ya beseni, maana yeye na mama yake walitoka nyumbani asubuhi na mapema, mama amebeba mfuko wa vifuniko vya chupa, yeye amebeba birika la chai. Alikuwa msichana wa darasa la sita. Jina la Chiriku alipewa na shangazi yake kwa sababu ya mdomo wake, mdomo usiojua likizo.

Mama yake alifundisha darasa la pili katika shule hiyo hiyo aliyosoma Chiriku. Siku hiyo walimu wa shule za jirani walikuwa wanakutana hapo kufundishana kazi.

"Mgeni rasmi ni nani, mama?" Chiriku aliuliza njiani.

"Hakuna mgeni rasmi."

"Sasa nani atawafundisha?"

"Sisi wenyewe. Mwenye jambo la kuwaonyesha wenzake anasimama uwanjani analisema, anapewa darasa. Wengine wanaingia wanapopenda. Ukiona hapakufai, unainuka unakwenda kwingine, na hakuna kununa."

"Je, wakiinuka wote?"

Mama aliongeza mwendo. Miaka yote alikuwa akiingia vyumba vya wenzake na kusikiliza tu, kwa sababu alikuwa na haya. Leo ndiyo mara yake ya kwanza kuongoza chumba. Wiki nzima alifanya mazoezi mbele ya kioo, mpaka baba akasema kioo chenyewe sasa kimejua kusoma.

Uwanjani, zamu yake ilipofika, mama alijikaza akasema kwa sauti nyembamba, "Mimi nitaonyesha namna ya kumsaidia mtoto aliyechelewa kujua kusoma." Akapewa darasa la mwisho kwenye korido. Chiriku naye akapewa kazi ya kusimama langoni na kuwaelekeza watakaochelewa, kwa sababu basi la walimu wa shule za mbali lilikuwa limepata pancha.

Kabla basi halijafika, alikimbia kuchungulia dirishani kwa mama. Lo! Walikuwa watu watano tu. Mama alikuwa akipanga vifuniko vyake mezani, kila kimoja kimeandikwa herufi, na vingine vikimponyoka. Mara walimu wawili wakainuka, wakatabasamu, wakatoka zao. Wakabaki watatu. Mmoja wao alikuwa mwalimu kijana, mgeni kabisa kazini, aliyeketi mbele karibu na meza.

Chiriku aliumia moyo kana kwamba wametoka kwake. Mama akishindwa leo, alijua, hatasimama tena mbele ya wenzake maisha yake yote. Hapo ndipo basi likaingia, Chiriku akarudi langoni mbio, na walimu wakashuka wakijipangusa vumbi.

"Shikamooni, walimu!"

"Marahaba, mwanangu. Mafunzo ya nyimbo yako darasa gani?" aliuliza mama mmoja mnene mwenye sauti nzuri.

"Lile la mwisho, mwalimu."

"Na majaribio ya sayansi?" mwingine akauliza.

"Humo humo."

"Na mpira wa miguu?" aliuliza bwana mmoja mwenye filimbi shingoni.

"Humo humo, mwalimu."

Yule bwana alilitazama darasa, kisha akautazama uwanja. "Mpira, ndani?"

"Mnaanzia ndani," alisema Chiriku bila kupepesa macho.

Haikuchukua muda chumba kikajaa pomoni. Watu wazima walijibana kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili, magoti yakiwafika kidevuni. Chiriku alisimama mlangoni, meno yote nje. Mama alipoona umati ule uso ukamng'aa na sauti ikapanda. Naam, hicho ndicho Chiriku alichokitaka.

"Samahani, mwalimu," alisema yule mama wa nyimbo, "tunaanza kuimba saa ngapi?"

"Kuimba?"

"Kwani si sayansi hapa?" mwingine alimaka.

"Mimi nimekuja kwa ajili ya mpira," alisema mwenye filimbi, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Mama hakucheka. Alishika kifuniko kimoja, akakiweka, akakishika tena. Nyuma kabisa, alikosukumwa na umati, mwalimu kijana alikuwa amenyoosha mkono, na hakuna aliyemwona.

"Tumsamehe," alisema yule mama wa nyimbo kwa upole, akimwonyesha Chiriku kwa kidole. "Nadhani mtoto amechanganya tu. Madarasa yenyewe yanafanana."

Mlango wa kutorokea ulikuwa huo, na umefunguliwa na mtu mzima. Chiriku angeitikia kwa kichwa tu, mambo yangekwisha. Lakini mama alikuwa anamtazama, na ule uso uliong'aa muda mfupi uliopita sasa ulikuwa umesinyaa.

"Sikuchanganya, mwalimu," alisema. "Nimewadanganya. Nilitaka chumba cha mama kijae."

Mama alikiweka kifuniko mezani. "Basi wapeleke kila mmoja alikokuwa anakwenda," alisema. "Na kila mlango utakaoufikia, uombe radhi."

Akaanza na uwanjani, akaenda kwenye nyimbo, na kote aliomba radhi huku akitamani ardhi impasukie. Mwisho akawapeleka watu wa sayansi. Ndani ya chumba chao alimkuta mwalimu mzee yuko peke yake mbele ya madawati matupu. Alikuwa amezipanga betri, nyaya na balbu ndogo ndogo kwa uangalifu, na sasa alikuwa anazirudisha ndani ya boksi.

"Kumbe mmekuja?" mzee alisema. "Nilidhani nimewachosha hata kabla sijaanza."

Machozi yalimlengalenga Chiriku. Alikuwa amemwonea huruma mama yake, kisha akaenda kumfanyia mzee wa watu yale yale. "Nisamehe, babu," alisema. "Wageni wako niliwapoteza mimi, kwa makusudi." Akapiga magoti, akamsaidia kuzitoa betri zote tena, moja moja.

Aliporudi, darasa la mwisho lilikuwa na watu watatu tu, wamelizunguka dawati moja, vichwa vimekaribiana. Mwalimu kijana alikuwa akipanga vifuniko na kuvipangua.

"Nina mwanafunzi wa darasa la nne," alikuwa akimwambia mama. "Jina lake mwenyewe hawezi kulisoma, nami nilikuwa nimekata tamaa. Wewe ungeanzia wapi?"

"Ningeanzia na hilo hilo jina lake," mama alisema. "Mpe herufi zake azishike mkononi. Akishazijua hizo, muongezee za jina la mama yake."

Wakaendelea hivyo mpaka kengele ya chai ikawakuta bado wanapanga. Mwalimu kijana aliomba mfuko mzima wa vifuniko, akapewa, akaondoka akisema Jumatatu ni mbali.

Mama na Chiriku walibaki wakisuuza vikombe.

"Umenikasirikia, mama?"

"Nilikasirika. Umeniaibisha, na umemuumiza yule mzee. Lakini ulipopewa njia ya kukwepa ukasema kweli, na hilo nimelifurahia." Mama alikung'uta kikombe. "Sikiliza, mwanangu. Wale wawili walioinuka hawakunidharau, walikwenda kutafuta wanachokihitaji. Mimi pia huwa nainuka. Na ule umati ulikuwa wako, haukuwa wangu, kwa sababu uliuleta kwa uongo. Watu wangu walikuwa wale watatu. Walikuja wenyewe, wana shida ya kweli. Ulitaka kunipa chumba kizima, na karibu uninyang'anye hao."