Tundu Lililozibwa Bafuni

Jioni mama yangu alipotutoka, nyanya yangu Roda, mamake baba, alikuwa nje ya bafu, amemkaba Jescah shingoni.

"Umemuua mwenzako. Kwa sababu yeye amezaa na wewe hujazaa."

Jescah alikuwa mke mkubwa wa baba. Mama yangu, Kageha, alikuwa mke mdogo. Kichanga kilicholia chumbani ni mimi.

Ndugu msomaji, mimi sikumbuki chochote. Haya nimeyapata kwa Nyanya mwenyewe, na nayaandika yasije yakanipotea.

Ilikuwa mwaka ule uliofuata uhuru. Baba, Philemon, alipata shamba Lugari, na ndani yake nyumba ya mzungu aliyeondoka.

Bafuni mlikuwa na mashine ya gesi ya kuchemsha maji. Mtungi ulikaa nje, bomba likapita ukutani. Mtu mmoja alifungua mtungi, mwingine akawasha kibiriti ndani.

Bafu lile lilikuwa na harufu kidogo, siku zote.

"Ni harufu ya mzungu," Nyanya alisemanga. "Hata tupake chokaa haitoki."

"Mzungu amebeba hata vijiko, Mama. Harufu ameachia nani?"

"Amekuachia wewe, Jescah."

Walichekanga sana, hao wawili.

Jioni hiyo Kageha aliita kutoka bafuni, "Dada, fungua."

Jescah akafungua mtungi. "Tayari."

Kisha... kishindo, na mlango wa bafu ukawa kwenye nyasi.

Mama hakufika hospitali. Jescah alifukuzwa kabla ya mazishi, akarudi kwao Butali bila kutupa hata konzi ya udongo kaburini.

Matanga yalipoisha, fundi wa gesi akaja kutoka Kakamega kuuchukua mtungi. Akapaka povu la sabuni kwenye bomba lililobaki. Kwenye kiungo kimoja povu likafura, likapasuka, likafura tena.

"Panavuja hapa, na si leo wala jana."

"Mbona hatukuungua zamani?" baba aliuliza.

Fundi akainama, akapapasa ukuta karibu na sakafu.

"Gesi hii ni nzito, inakaa chini. Hapa palikuwa na tundu la kuitoa nje. Nani ameliziba?"

Ulikuwa udongo uliokandwa na mavi ya ng'ombe, ukalainishwa kwa kiganja. Alama za vidole zilikuwa bado zinaonekana.

Nyanya alivijua vidole vile. Kwa mila yake, mzazi aliyetoka kujifungua hapigwi na upepo. Siku niliyozaliwa alikanda udongo, akaliziba tundu lile kama alivyoziba nyufa za kila nyumba aliyowahi kuishi.

Fundi alikuwa ameshaanza kukusanya vyombo vyake. Hakuna aliyemtazama Nyanya. Angenyamaza, yangeishia hapo.

"Ni mimi," alisema.

Kesho yake alinifunga mgongoni, akaenda Butali. Alimkuta Jescah akipalilia miwa ya baba yake.

"Uliniita muuaji mbele ya watu, Mama."

"Nitasema ukweli mbele ya watu hao hao."

Jescah aliendelea kupalilia. Nikalia.

"Amekula?"

"Maziwa ya ng'ombe. Anayatapika."

Jembe likasimama.

"Mlete hapa. Lakini nyumba ile siingii tena."

Baba akamjengea nyumba ya udongo mbali na ile ya mzungu.

Nyanya alisimama kanisani Jumapili, akasema. Kisha akazunguka kila nyumba ya mzungu iliyopata wenyewe wapya, akirudia maneno yale yale:

"Ile si harufu ya mzungu, ni gesi. Ukiisikia, usiwashe kibiriti. Fungua milango, toka nje, funga mtungi, ita fundi. Na tundu la chini msizibe, hata kama kuna mzazi."

Wengine walimcheka. Wengine walikwenda kuzibua usiku, wasionekane.

Nyanya alikufa jambo hili likimuuma bado moyoni. Hakuwahi tena kukanda udongo.

Jescah ndiye niliyemwita Mama maisha yangu yote. Sasa haoni, wala hawezi kusimama. Kila asubuhi namwogesha mimi.