Zamu ya Moyo

Watu walikuwa wanapigana vikumbo sokoni, lakini mtangazaji hakujali. Mbele yake fundi vioo alikuwa amesimama kupumzika, ameegemeza kioo kikubwa kifuani. Mtangazaji akakitazama, akalinyoosha gauni lake la njano, akaanza kufunga kilemba upya.

"Dada, kioo kina mwenyewe."

"Basi mwenyewe atulie, nimebakisha upande mmoja."

Fundi akacheka mpaka kioo kikatikisika. "Hiyo sauti naijua! Wewe ndiye wa misemo redioni. Juma hili mkono, juma lijalo jicho."

"Ndiye mimi. Shikilia vizuri."

Tangu hapo hazikupita jioni mbili bila simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nitashibaje hujanichokoza?"

Jioni moja fundi alimfungulia moyo. Mchumba wake wa kwanza alimwacha wiki ya harusi. Nyumbani, kwa aibu, alisema ni yeye mwenyewe aliyeghairi.

Zamu ya moyo ikafika redioni. Mtangazaji alieleza kutia moyo, akaeleza kupiga moyo konde, na mifano aliichota maishani kama alivyozoea. "Kuvunjika moyo," akasema. "Fundi vioo mmoja aliachwa wiki ya harusi, akavunjika moyo." Hakutaja jina, aliona inatosha.

Mchana simu ikalia.

"Mama alikuwa anakusikiliza," fundi alisema. "Kumbe mimi ni mfano?"

"Mpenzi, sikufikiri..."

"Ndiyo. Hukufikiri." Akakata.

Kesho yake mtangazaji aliingia karakanani kwa fundi, kichwa juu, vumbi la kioo likimeremeta miguuni.

"Shemeji wa redio!" mafundi wakapiga kelele. "Tupe mfano!"

"Leo mfano ni mimi. Mtangazaji mmoja alipewa siri na mpenzi wake, akaitangaza. Sasa roho inamsuta." Akamgeukia fundi. "Natoka kwa mama yako. Nimepiga magoti, nimemwomba radhi."

Fundi akaweka chini kisu cha kukatia. "Akasemaje?"

"Alijua tangu siku ile kwamba uliachwa. Alikuachia uongo wako kwa sababu uliung'ang'ania sana."

Fundi akajifuta viganja taratibu, kimoja baada ya kingine.

"Na wewe unataka nini?"

"Unioe. Ukiogopa nitatoroka, wiki ya harusi nitalala chumbani kwa mama yako."

Karakana ikalipuka kwa vicheko. Fundi akamshika mkono, akawageukia wenzake.

"Mmesikia wote? Mtakuwa mashahidi wangu, huyu asije akasema ulikuwa mfano tu."