Mchumba Anataka Kuona Kisima

"Na nyuma ya nyumba kuna nini?" Nurdini aliuliza.

"Kuna nyuma ya nyumba," Sikuzani akamjibu. "Twende sokoni kwanza."

"Jana ulisema hivyohivyo."

"Jana hukuliona soko lote."

"Soko lenyewe ni mikorosho michache na yule dada anayeuza karanga. Nililiona jana, na juzi nililiona."

Sikuzani alicheka, akatangulia mbele kwa haraka ili Nurdini amfuate bila kugeuka nyuma.

Kilikuwa kiangazi cha mwaka wa hamsini na sita. Mwingereza bado alikuwa bomani Newala na bendera yake, na magari ya wageni kutoka Lindi na Nachingwea yalipanda mlima kuja kupunga upepo na kulitazama bonde. Nurdini naye alikuwa mgeni, lakini si wa kutazama bonde. Alikuwa fundi cherehani wa Lisekese, kule Masasi. Alionana na Sikuzani msimu wa korosho, msichana alipoteremka na mjomba wake kuuza, wakapendana hapohapo mbele ya cherehani. Toka siku hiyo maneno yao yalibebwa na Cuthbert, dereva wa lori, mtu wa Lulindi, ambaye hakuweza kubeba neno bila kuliongezea chumvi.

"Mwambie Siku nimemshonea mama yake blauzi ya njano," Nurdini humwagiza.

Cuthbert akifika Newala husema: "Fundi amemshonea mama yako blauzi ya njano, na chakula hakipiti kooni kwa ajili yako."

Siku moja Sikuzani aliagiza: "Mwambie aje auone mji kwa macho yake, asije akaoa mahali asipopajua."

Cuthbert akafikisha: "Anasema uje upesi, kuna mwingine."

Ndiyo maana Nurdini alikuja mbiombio. Sababu nyingine ilikuwa hii: huku juu mwanamume akioa ndiye anayehama. Anafunga virago vyake anakwenda kukaa ukweni. Leo, kabla lori halijaondoka, ilikuwa lazima ampe Mzee Halfani, mjomba wa Sikuzani, neno lake la mwisho: atahamia Newala au hahamii. Akisema hahamii, hakuna ndoa.

Na Newala jua, baridi na vumbi vyote vipo. Kisichokuwepo ni maji. Masasi nzima inalijua hilo. Nurdini alipouliza, Sikuzani alimjibu bila kupepesa macho: "Hayo ya watu wengine. Sisi tuna kisima cha mvua nyuma ya nyumba. Hakikauki."

Toka afike alikuwa akiogeshwa asubuhi na jioni, ndoo imejaa hadi ukingoni. Na kila alipotaka kukiona hicho kisima, alipelekwa sokoni.

Walimkuta Fatu, muuza karanga, ameketi kwenye mkeka wake.

"Shemeji, hujambo? Umeoga leo?"

"Sijambo, dada. Nimeoga. Nyinyi watu wa huku mnapenda sana kuoga."

"Mno," Fatu alisema, akauma mdomo asicheke. "Sisi tukikosa kuoga tunaumwa."

"Fatu!" Sikuzani alimkemea.

"Nimesema nini? Shemeji, na miguu uliosha?"

"Nayo niliosha."

"Mungu akuweke. Siku, debe langu nitakuja kulichukua mwenyewe jioni."

Nurdini aligeuka. "Debe gani?"

"La karanga," Sikuzani akadakia, akaondoka mbio.

Wakapita boma. Wakapita duka la Mhindi lenye baraza ndefu, wakapita msikiti. Nurdini aliuliza kila kitu. Kwa nini mabati ya lile duka yamefungiwa mfereji unaoingia kwenye pipa? Kwa nini pipa limefungwa kufuli? Kwa nini mbuzi wa hapa wanalamba mawe asubuhi?

"Wanalamba umande."

"Na watu?"

"Watu wanakunywa chai. Wewe fundi una maswali kama hakimu."

"Nahamia mji, Siku. Mtu akinunua kitambaa hukigeuza pande zote mbili. Huu mji nimeonyeshwa upande mmoja tu. Na mama yako yuko wapi? Toka jana sijasikia hata kikohozi chake."

"Amekwenda msibani Makote."

"Amefiwa na nani?"

"Na mtu."

Nurdini alisimama akamtazama. Sikuzani akaangalia pembeni. Alitamani amwambie yote palepale, njiani, mbele ya mbuzi. Lakini alimkumbuka yule wa kwanza, karani mmoja wa Lindi aliyemposa mwaka juzi. Yule Sikuzani alimweleza ukweli wote siku ya kwanza. Siku ya tatu karani akasema anakwenda kununua sigara, na mpaka leo hajarudi na sigara zake.

"Twende ukingoni," alisema. "Hujaona uzuri wa Newala bado."

Huko ukingoni nchi inakatika ghafla. Umesimama kwenye tambarare, mara mbele yako hakuna kitu ila hewa, na chini kabisa bonde la Ruvuma limetandazwa mpaka kwa Wareno. Wageni waliokuja na Cuthbert walikuwa wameweka viti vyao, wanapiga picha, wanaonyeshana vidole. Cuthbert mwenyewe alikuwa amelala chini ya lori, kofia usoni.

"Fundi!" alisema bila kuiondoa kofia. "Wazungu wakishiba kutazama tunaondoka. Umeshasema ndiyo au bado unaoga?"

Hata Cuthbert! Sikuzani alimrushia kijiti.

Nurdini alimpita. Alikwenda hadi mwisho wa mwamba. Wageni walitazama mbali, kwenye mto. Yeye macho yake yaliteremka karibu, chini ya miguu yake hasa, akaona njia nyembamba imejikunja ubavuni mwa mlima kama uzi ulioanguka sakafuni. Juu ya uzi ule kulikuwa na wanawake. Wamepanga mstari, wanapanda, kila mmoja na debe kichwani, na juu ya maji wameweka matawi ya majani yasimwagike.

"Siku. Wale wanatoka wapi?"

"Wanatoka chini."

"Chini wapi?"

"Chini, chemchemi. Twende zetu, jua limekuwa kali."

"Wametoka hapa saa ngapi hao?"

Sikuzani alimvuta mkono waondoke.

"Yule wa nyuma kabisa, aliyeachwa na wenzake," Nurdini alisema polepole. "Yule mwenye blauzi ya njano. Mabega yale niliyakata mimi. Siku, yule si mama yako?"

"Nurdini..."

"Ndiyo msiba wa Makote huo? Yale maji ninayojimwagia nikiimba, yanapandia huku?"

"Nisikilize kwanza."

"Nani mwingine amebeba?"

"Mama. Mimi, alfajiri, kabla hujaamka. Na Fatu alitukopesha debe lake la maji."

"Na kisima?"

"Kisima kimekauka toka mwezi wa sita! Kuku wanatagia humo!" Sikuzani alipasuka. "Umefurahi? Basi panda lori lako!"

Hakupanda lori. Kabla Sikuzani hajamaliza kusema, Nurdini alikuwa amevua viatu anateremka ile njia mbio, mawe yakiporomoka nyuma yake.

"Nurdini! Usiende! Nurdini, ni mama!"

Hapo ndipo Nurdini alipoharibu. Kwao Masasi na huku Newala mila ni moja: mkwe hakutani uso kwa uso na mama mkwe. Wakionana njiani, mmoja anapisha, anajificha mpaka mwenzake apite. Hata mtoto mdogo wa Lisekese anajua hilo. Lakini fundi alikuwa na hasira na haya kwa pamoja, na mtu mwenye vitu hivyo viwili kichwani hana nafasi ya cha tatu.

Mama Sikuzani aliinua macho, akamwona kijana wa watu anamjia mikono mbele kama anayetaka kupokea mtoto. Alifanya alivyofundishwa toka usichana wake. Aliacha njia akajitupa vichakani, debe likiwa bado kichwani. Lilikaa hatua moja tu. Kisha kishindo, kisha maji yakateremka mlima kurudi yalikotoka.

Wanawake waliotangulia walipiga ukelele.

Sikuzani alipofika, alimkuta Nurdini amesimama katikati ya njia kama mti. Mama yake haonekani, ila ncha ya kanga tu iliyonasa kwenye miiba.

"Mama! Umeumia?"

"Mwambie aondoke!" sauti ilitoka kichakani. "Siwezi kutoka na yeye amesimama hapo!"

"Anasema uondoke," Sikuzani alimwambia Nurdini.

"Nimesikia. Mwulize kwanza kama ameumia."

"Mama, anauliza umeumia?"

"Mwambie mimi mzima. Kilichoumia ni debe. Mwulize huyo, ameshaoga?"

"Mama!"

"Mwulize tu. Kama bado, basi leo ajipanguse kwa jani."

Nurdini aliketi chini, mgongo ameelekeza kichakani, kichwa mikononi.

"Mwambie mama," alisema, "sikujua. Mwambie ningejua, nisingegusa hata tone."

"Mama, anasema..."

"Nimesikia, si kiziwi. Na wewe mwulize, angejua si angekimbia kama yule karani aliyeaga anakwenda kununua sigara?"

Sikuzani hakuuliza. Alipiga magoti mbele ya Nurdini ili amwone uso.

"Hilo nauliza mimi mwenyewe. Ungekimbia?"

"Sijui," Nurdini alisema.

"Hujui?"

"Sijui, Siku. Unataka nikuapie? Ningekuja, ningeambiwa maji yako kule shimoni, labda ningeogopa. Mimi nimezaliwa karibu na mto. Lakini woga wangu ungekuwa wangu. Wewe umeniibia hata woga wangu. Umenitembeza mji mzima kama kipofu, umenifanya nimbebeshe mama yako maji ya kuoshea miguu. Kesho mbele ya watu nitamwita mkwe kwa mdomo gani?"

Machozi yalimtoka Sikuzani. "Nilikupenda, nikaogopa."

"Nami nakupenda. Ndiyo maana nimekasirika. Ningekuwa sikupendi ningekwenda kununua sigara."

Kichaka kilicheka. Kilicheka kidogo tu, halafu kikajikohoza.

Wakati huo Mzee Halfani alikuwa anateremka na fimbo yake, ukelele wa wanawake umemtoa barazani. Nyuma yake alikuja Fatu, asiyetaka kukosa kitu.

"Shikamoo, mzee," Nurdini aliinuka.

"Marahaba. Dada yangu yuko wapi?"

"Niko humu!" ilijibu sauti.

"Nani kakutia humo?"

"Kijana huyo alinijia njiani, ana kwa ana! Sasa mimi ningefanyaje?"

Fatu akashika mdomo. "Ee Mungu! Uso kwa uso na mkwewe! Basi hapa ndoa hakuna tena."

"Mzee, kosa ni langu," Nurdini alisema. "Sikuwaza. Niliona mzigo tu."

Kutoka juu honi ya lori ililia. Cuthbert aliita kwa mikono mdomoni: "Fundiii! Wageni wamepanda!"

Mzee Halfani hakuharakishwa na honi. Alikitazama kichaka, akamtazama Nurdini, akalitazama debe lililobonyea. Kisha akauliza, taratibu:

"Dada. Mwanamume asiye wako akikujia njiani, mchuuzi tu, unaingia vichakani?"

Kichaka kilitikisika.

"Nakuuliza."

"Mchuuzi? Niingie vichakani kwa ajili ya mchuuzi? Kwa nini?"

"Dereva yule Cuthbert akikujia?"

"Namwambia anipishe, nina mzigo!"

"Na yule karani wa Lindi alipokujia barazani?"

"Yule nilimtazama usoni mpaka akainamisha macho. Hakuwa wangu yule."

"Enhe." Mzee Halfani aliegemea fimbo yake. "Fatu, umesikia? Ndoa haijavunjika. Mtu hamkimbii asiye mkwewe. Sisi wanaume tumekaa barazani tunajiuliza tukubali au tukatae, kumbe mwenye binti amekwisha kukubali, na debe kichwani." Akamgeukia Nurdini. "Upande wetu umekwisha kujibu. Bado wewe. Unahamia au huhamii?"

Honi ikalia tena.

Nurdini alilitazama bonde, halafu njia, kuanzia chini mpaka juu, kila kona yake.

"Nina neno moja, mzee. Nikihamia, maji ya nyumba yangu nitayapandisha mwenyewe."

"Mwanamume na debe kichwani?" Fatu alishindwa kujizuia. "Shemeji, mji mzima utatoka kukutazama!"

"Watoke. Na wewe leta karanga, utauza."

Hata Mzee Halfani alitabasamu. "Kichwa ni chako. Nauliza kuhama."

"Nahamia."

"Na wewe, Siku? Mwenzio amekasirika, mwenyewe umelia. Unamtaka bado?"

Sikuzani alijifuta uso kwa upindo wa kanga. "Namtaka. Na mjomba, nikimdanganya tena kitu cha nyumba hii, arudi kwao na nisimwite."

"Nikirudi utaniona," Nurdini alisema. "Nitaaga mchana, mbele ya watu."

"Basi mahari tutaongea kesho," Mzee Halfani alisema, akaanza kujipangia mahali pa kuketi kwenye jiwe. "Kwanza tuseme habari ya siku ya harusi yenyewe. Mimi naona tungoje mvua, au pengine baada ya korosho, maana ndugu wa Makote nao lazima..."

"Halfani!" kichaka kilifoka. "Mgeuzeni huyo kijana, mpandisheni juu, harusi iwe Ijumaa hii! Miiba inanimaliza humu!"